Mama halali usiku na hataki kusikia habari za mshauri, nifanyeje?

Dada shikamoo. Naomba jina langu usiliweke maana huku watu wetu wote wanajuana na najua wengi wanakusoma, ukiandika tu binti wa Michigan inatosha.

Mi nna miaka 26, nimezaliwa Nyarugusu, kambi ile ya Kasulu kule Kigoma. Mama ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini, alikimbia vita ya 96 akiwa na mimba ya kaka yangu mkubwa. Baba alifia kambini. Tukaja Marekani 2018, mama, mimi, mdogo wangu wa kike na kitindamimba wetu ambae sa hivi ana miaka 13. Kaka yeye alishaoa kwa iyo kesi yake ikatenganishwa na yetu, tukaambiwa nyie tangulieni yeye atafuata. Ikawa kusubiri, interviu, kupima afya, kusubiri tena, interviu tena, mwisho mwisho walikua wanangoja tarehe ya ndege tu, walishauza hadi masufuria. Afu Januari 2025 ikatoka ile amri ya kusimamisha wakimbizi kuingia Marekani, na hadi leo kaka yuko pale pale Nyarugusu na mke na watoto na hawana hata sufuria.

Toka hapo mama sio yule. Halali kabisa. Mi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti ya usiku, nikirudi alfajiri namkuta kakaa jikoni taa imezimwa, simu mkononi, anasikiliza voisi za kaka za zamani, zile zile anazirudia. Kuna siku nilikuta kasonga ugali wa watu kama kumi hivi, nikamuuliza mama nani anakuja, akaniangalia tu. Kwaya kaacha. Kusuka watu kaacha na alikua anapenda. Analalamika kichwa kinawaka moto, moyo unakimbia, mgongoni kama wadudu wanatembea. Tumempeleka emajensi mara kadhaa, wanapima moyo, wanapima damu, wanasema yuko sawa mrudisheni nyumbani.

Mara ya mwisho kliniki wakampa karatasi ya maswali tisa. Mi nilikua kazini, kwa iyo dogo, yule kitindamimba, ndo alienda nae na ndo alietafsiri, maana mkalimani wa simu mama alimkataa, alivosikia tu lafudhi akajua huyu ni mtu wa kabila ambalo kule kwao walipigana nao, akasema kata simu. Jioni dogo akanambia kitu ambacho hadi leo kinanikaa hapa kooni. Swali la tisa lilikua linauliza kama unawaza kwamba ni bora ufe. Akasema dada mi nilishindwa kumuuliza mama vile, nikajaza mwenyewe sifuri, yaani hawazi kabisa.

Hata hivyo daktari kwa majibu mengine akasema mama ana sonona na wasiwasi umepita kiasi, aanze kuonana na mshauri nasaha wa pale pale. Nilivomwambia mama akaruka. "Miye siko kichaa! Niko na mawazo tu, nani hana mawazo? Munataka munipeleke Mirembe ya Marekani?" Afu akaanza kulia, akasema wakishaandika kwenye kompyuta kwamba ana kichwa kibaya uraia hataupata milele, na dogo watamchukua wampe wazungu, maana kuna mama wa Kikongo kwenye state nyingine ety walimchukulia watoto. Sijui kama ni kweli ila ndo stori inayozunguka.

Kanisani mchungaji kasema tufunge siku tatu, tumefunga. Mama mmoja wa maombi kasema ni roho ya mauti imemfuata toka Kongo, mwingine kasema zile dawa zinamfanya mtu zezeta anakaa anatoa udenda. Mjomba wetu yuko Texas, anatuma voisi ndeefu kwenye grupu la familia kwamba mambo ya ndani hayapelekwi kwa mzungu na kwamba bibi yetu alizika watoto watano na hakwenda kwa mshauri yoyote.

Na mi nna woga wangu. Usiku mama akizidiwa nikipiga simu vibaya wanakuja polisi. Sisi Wakongo wa Michigan Patrick Lyoya hatujamsahau, na mama ndo kabisa, picha ya yule kijana bado anayo kwenye simu.

Sasa dada, nimdanganye tu kwamba ni apointimenti ya presha nikimfikisha mle ndani wamalizane nae? Na uraia ni kweli ataukosa? Na kusema ukweli mimi mwenyewe nimechoka hadi naogopa kurudi nyumbani asubuhi.

Binti wa Michigan

---

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, na mwambie dogo pole nae, yeye hasa.

Kwa sababu nitaanza na ile sifuri yake. Kwenye ile karatasi (inaitwa PHQ-9, ni ya kupima sonona, wanaitumia kliniki nyingi sana na Kiswahili chake kipo) swali la tisa ndo linalomfanya daktari aamue kama mtu arudi nyumbani au asiondoke kwanza. Kwa mama yako hilo swali halijaulizwa na mtu yoyote. Kwa iyo kabla ya uraia, kabla ya mjomba, kabla ya mchungaji, mtu amuulize. Wiki hii. Najua kwetu mtoto kumuuliza mama yake kama anataka kufa ni kama kumtakia, na kama unahisi mdomo hautafunguka mtafute rika lake, mama mmoja anaemuheshimu, anaejua kufunga mdomo, kila jumuiya anakuwepo mmoja wa hivyo. Aulize wazi, kwa mfano: mama fulani, yakikuzidi usiku unafika mahali unaona heri ungekufa? Unawaza kujidhuru? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa mtu wazo, hapana, wanaofanya kazi hii miaka yote wanasema kuuliza hakuleti wazo, mara nyingi mtu anashusha pumzi kwamba ati kumbe naruhusiwa kulisema.

Akisema hapana, shukuru na uendelee kusoma. Akisema ndio, au akinyamaza kwa namna ambayo wewe mtoto wake unaijua, basi asibaki peke yake usiku, dawa zote za nyumbani hata zile za kawaida za maumivu zifungiwe, na upige 988, namba ya msaada kwa mtu anaewaza kujiua au aliezidiwa na mawazo. Hiyo namba ilianza Julai 2022 nchi nzima, ni bure, saa 24, na hata wewe ndugu unaruhusiwa kupiga kuuliza ufanyeje. Ukipiga watapokea kwa Kiingereza, we sema "Swahili" na usikate, wana wakalimani wa simu wa lugha zaidi ya 240. Kwa meseji ni Kiingereza na Kispanyola tu kwa iyo mama apige sauti.

Kuhusu polisi sitakwambia woga wako ni wa kijinga. Kwa wasomaji wasiojua, Patrick Lyoya alikua mkimbizi wa Kikongo, miaka 26 kama wewe, alisimamishwa na polisi akiwa na gari Grand Rapids tarehe 4 Aprili 2022, wakakurupushana na askari akampiga risasi ya kichwa kijana akiwa chini. Kesi ya askari ilisikilizwa 2025, wale wananchi wa kuamua wakashindwa kukubaliana, na haikurudiwa. Mama wa Kikongo alieona hayo akiogopa kuita serikali nyumbani kwake usiku wa manane, mi namuelewa. Ndo maana nasema 988 kwanza, simu nyingi sana kule zinaishia kwenye maongezi, ingawa wakiona maisha ya mtu yako hatarini dakika ile ile wanaweza kutuma msaada, nisikufiche. Ila kama ameshameza kitu au ameshajiumiza usizunguke, piga 911, sema ni mgonjwa, hana silaha, anaongea Kiswahili, mimi mwanae nipo mlangoni nawasubiri.

Haya, dogo. Dogo asitafsiri tena, hata apointimenti ya meno. Sheria ya haki za raia ya 1964 inasema hospitali inayopokea hela ya serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa asili yake, na lugha imo humo, na sheria ya afya ya 2010 ikaongeza kwamba mkalimani ni juu yao na bure, na mtoto mdogo asitumike isipokuwa ni dharura na hakuna mtu mwingine. Kuna watu wamesikia kwamba Machi 2025 Kiingereza kimefanywa lugha rasmi ya Marekani wakadhani mambo ya wakalimani yamekufa, hapana, ile ni amri ya rais na sheria zilizopitishwa na bunge lao zipo pale pale. Kwa iyo kliniki iliomuacha mtoto wa miaka 13 amuulize mama yake habari za kufa ilikosea, na unayo haki ya kuwaambia hivyo kwa adabu.

Na yule mkalimani aliekataliwa. Mi kazi yangu ya mchana ni hiyo hiyo ya ukalimani wa simu kwa iyo nikupe ya ndani. Sisi tukipokea tunajitaja kwa namba, mgonjwa jina langu halijui, na mimi jina lake sina haja nalo. Siku ya kuomba apointimenti mwambie wa mapokezi mambo haya: tunataka mkalimani wa simu, sio mtu wa hapa mjini, mwanamke, anaejua Kiswahili cha Kongo, na tunaomba jina la mgonjwa lisitajwe kwenye simu. Wakishindwa hicho cha Kongo mama atasikilizana hata na wa Tanzania, si ameishi Kasulu miaka zaidi ya ishirini. Na akipokea mtu ambae lafudhi yake inamrudisha mama Fizi ya mwaka ule, anasema badilisha, bila kutoa sababu. Wako watakaosema huo ni ukabila na tumeshafika Marekani tuyaache. Yanaachwa kwenye foleni ya duka, sawa, ila huwezi kumlazimisha mtu amwage yaliyomkuta vitani mbele ya sauti inayofanana na ya waliomkimbiza. Mi mwenyewe nimeshabadilishwa katikati ya simu na sikuona ubaya, nilikata nikamwombea heri.

Sasa swali lako, nimdanganye? Usimdanganye. Sio kwa sababu ya dhambi, ila fikiria tu siku yenyewe, mama amekaa pale anasubiri mtu wa presha, mlango unafunguka anaingia binti wa kizungu na daftari anauliza "tuzungumze kuhusu utoto wako". Humpati tena. Hata wewe humpati tena, na we ndo daraja lake. Mwambie ukweli lakini anzia anapoumwa yeye. Kichwa kinawaka, moyo unakimbia, usingizi hakuna, hayo kayasema kwa mdomo wake na kayapeleka mwenyewe hadi emajensi, kwa iyo msaada anautaka, anachokataa ni jina. Mwambie: mama, moyo wamepima, damu wamepima, mzima, sasa kuna mtu pale pale kliniki kazi yake ni watu ambao usingizi umekimbia kwa ajili ya mawazo, twende umsikilize mara moja, ukimkataa tutamwacha. Na hiyo ya kumwacha uiheshimu kweli. Bahati nzuri kliniki nyingi za jamii, hizi zinazotoza mtu kulingana na kipato, mshauri anakaa koridoo moja na daktari wa kawaida, anaekuona umekaa kwenye kiti cha kusubiri hajui umefuata nini, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa meno.

Tuje kwenye woga wake mmoja mmoja, maana nimeona mnamjibu "mama usiogope" na hilo halijawahi kumtoa mtu woga.

Kompyuta. Anachomwambia mshauri kinalindwa na sheria ya siri za wagonjwa ya 1996, hakiendi kanisani, hakiendi kwa mwajiri wako. Watoto. Hapa niwe mkweli maana mkimdanganya akaja kugundua ndo basi, mshauri analazimika kuripoti akisikia mtoto anapigwa vibaya au ametelekezwa. Akisikia mama halali na analia kwa ajili ya mwanae alieko kambini haripoti chochote, anaandika mama halali. Hiyo stori ya state nyingine hatujui mle ndani kulikua na nini na hatutajua.

Uraia. Mama ana grinikadi tayari, na mtu hanyang'anywi kwa kuongea na mshauri wala kumeza dawa za sonona. Tena kuna kitu naona hamkijui. Ipo fomu inaitwa N-648, ni ya mtu ambae ugonjwa wa mwili au wa akili unamzuia kujifunza Kiingereza na yale maswali ya historia, daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni anaijaza, na uhamiaji wakiikubali anasamehewa mtihani. Sisemi mama yako anastahili, hilo daktari aliemjua vizuri ndo atasema, na msithubutu kumtafuta mtu wa kuijaza kwa hela maana wanazikagua sana. Ila ona lilivogeuka, mama anakimbia daktari wa mawazo ili asikose uraia, kumbe inawezekana kabisa ndo huyo huyo atakaesaidia.

Na kwa nini uraia una uzito kwa mama huyu? Mwenye grinikadi hawezi kumuombea mtoto wake alieoa aje Marekani. Raia anaweza. Foleni ya watoto waliooa ni ndefu, miaka mingi, inapita kumi kabisa, kwa iyo msimpe matumaini ya kesho kutwa. Lakini ni foleni, jina la kaka linaingia, na mama anakua na kitu mkononi cha kufanya tofauti na kusikiliza voisi gizani. Muoneni wakili au mtu wa shirika alieidhinishwa kwa mambo ya uhamiaji, sio yule kaka anaejaza fomu za watu dukani.

Dawa na uzezeta. Mshauri ni maongezi, dawa ni jambo jingine na wanaweza wasimpe kabisa. Wakimpa, hizi za sonona hazileti ulevi kama pombe, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, wiki za mwanzo tumbo linaweza kusumbua, na hapo ndo watu wetu wengi wanatupa wanasema hazifanyi. Asiziache ghafla, amwambie daktari. Udenda na kuzubaa watu waliona kwenye dawa nyingine kali za magonjwa mengine, enzi hizo, na ikabaki stori ya kila dawa.

Sasa mjomba. Ah, mjomba wa Texas, kila familia inae. Mwambie hivi kuhusu bibi. Bibi alizika watoto watano, kweli, na kila alipozika kulikua na matanga. Watu walilala chini sebuleni, wanawake walipika wao, wakalia nae, wakamlazimisha kula, siku zikahesabiwa, na siku ya mwisho mtu akaambiwa sasa amka ukaoge. Hiyo ilikua tiba na ilifanywa na kijiji kizima. Mama yako amepata nini? Kaka yako hajafa kwa iyo hakuna matanga, na hajafika kwa iyo hakuna sherehe, na jirani wa apatimenti ya juu hajui hata jina la mama. Anaomboleza mtu alie hai anaeongea nae kila siku kwa simu. Hata kulia anaona ni kama kumtabiria mabaya. Mimi katika barua yako yote naona kiini kiko hapo, na ndo maana kufunga siku tatu hakujatosha, halina siku ya kuisha hilo.

Na kama hoja yake ni kwamba haya ni mambo ya wazungu, wazungu gani? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Kongo, vijiji 16, wanawake waliopitia ukatili wa vita, wengine huko huko Kivu Kusini kwenu. Vijiji vingine walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, vingine wanawake walikaa vikundi vidogo wakafundishwa namna ya kuyashika yale mawazo, na walioongoza walikua wanawake wa Kikongo wa kawaida waliopewa mafunzo, sio madaktari. Miezi sita baada ya kumaliza, kwenye vikundi waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikua asilimia 9, kule kwingine asilimia 42. Wengi wa wanawake wale walikua hawajui kusoma na vita ilikua haijaisha nje ya mlango. Bukavu pale hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, yule wa Nobeli ya 2018, mama akishashonwa majeraha yake anapewa na mtu wa kuongea nae, ni sehemu ya matibabu. Kwa iyo mjomba akitaka kulinda mila ya Kikongo aanzie Bukavu.

Kwa mchungaji usiende kwa vita, utashindwa na mama ataumia katikati. Pitia kwa mke wake, maana mara nyingi mke wa mchungaji ndo anajua nani kanisani anameza nini. Ombeni sentensi moja tu, siku ya Jumapili au hata nyumbani akija kuomba: mama, nenda hospitali na sisi tunaomba. Mchungaji akilisema hilo limeisha, yule wa roho ya mauti hana tena la kusema. Akikataa kulisema, angalau asiseme kinyume. Na muulizeni kuhusu kwaya, wamama wamfuate nyumbani wampitie na gari, asisubiriwe ajisikie kuja. Kuimba kule kulikua kunambeba kuliko anavojua.

Nikukumbushe pia mshauri hatamleta kaka. Usimwambie mama atakua sawa, hatakua sawa mpaka mwanae atue uwanja wa ndege, na huo uwanja hauko mikononi mwenu. Kinachowezekana ni alale saa tano au sita, ale, moyo uache kukimbia, aweze kuongea na kaka kwenye simu bila wote wawili kumaliza kwa kulia. Kaka nae ana hali yake huko, na mama akiwa hivi yeye ndo anaficha zaidi. Hizo voisi za zamani msimnyang'anye. Tafuteni muda maalumu wa simu, wa mchana, na usiku simu ilale kwako au kwa mdogo wako wa kike.

Alafu wewe. Umeandika mstari mmoja mwishoni kama nyongeza, kwamba unaogopa kurudi nyumbani. Unahudumia wazee wa watu usiku, asubuhi unahudumia mama, na bado unajibu voisi za mjomba. Siku mkienda kliniki omba na wewe ile karatasi ya maswali tisa, jijazie kwa ukweli. Mdogo wako wa kike ana kazi gani humo ndani? Hujanambia, na nahisi ni kwa sababu hujampa. Mpe usiku wa kukaa na mama zile siku unazoingia shifti. Dogo shuleni kuna mshauri wa wanafunzi, ni bure, mpigie ueleze kwa kifupi kwamba nyumbani mama anaumwa na mtoto alibebeshwa kutafsiri kitu kizito, atajua la kufanya. Na wewe mwenyewe mwambie dogo kwamba ile sifuri hakukosea, hakuna mtoto wa kuulizwa swali lile, na kwamba sa hivi limeshachukuliwa na wakubwa.

Wakikupa tarehe ya mbali sana uliza kama kuna orodha ya watu wa kuitwa nafasi ikipatikana, na waambie waziwazi kwamba lile swali la tisa halikuulizwa siku ile, wataivuta karibu. Voisi za Texas weka kimya mpaka hapo.